Kiti cha Nyuma cha Pijo

Jumamosi, 11 Mei

Mama mkwe kaanguka. Shemeji yangu Ndaki amepiga simu asubuhi nikiwa na misumari mdomoni, napigilia kitambaa kwenye sofa ya mteja. Anasema mama yao alikuwa amekaa juu ya magunia ya mpunga kwenye mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu likaingia shimoni, akatupwa chini akafikia makalio. Kukaa ni kwa taabu, kusimama hawezi. Mke wangu Nyanzala analia tangu saa ile. Kesho alfajiri naenda Kasansa kumchukua nimlete hospitali hapa Mpanda.

Niseme ukweli, maana hapa nasema na karatasi tu: kitu cha kwanza nilichowaza si mgongo wa mama. Niliwaza gari. Pijo langu 504 stesheni, lenye safu tatu za viti, nililouziwa na mapadre walipokuwa wanasafisha gereji yao, mbele linatazama mbingu na nyuma limekaa kitako. Springi za nyuma zimechoka. Vijana wa bodaboda hapa mtaani Nsemulwa wanaliita Fisi. Sasa nitaingia nalo ukweni mchana kweupe.

Jumapili, 12 Mei

Nimerudi nimechoka, lakini niandike.

Kwetu Wakonongo mkwe ni mkwe, ila Wasukuma wamezidi. Tangu nioe sijawahi kutazamana na mama yule usoni. Nikija huku, yeye anapita kule. Jina langu halitaji, chakula hatuli pamoja, na kulala chini ya bati langu ni mwiko. Sauti yake naijua kwa kuisikia ukutani tu.

Kwa hiyo kumpakia garini ilikuwa kazi. Kiti cha kati nilikuwa nimekifungua nikakiacha nyumbani, ili apite kirahisi mpaka kiti cha nyuma kabisa, mbali na dereva. Kwenye kile kiti cha nyuma niliweka mto mpya niliokesha naushona, sponji nzito, pembeni nimezungushia uzi wa dhahabu. Nilitegemea wausifie. Helena, mke wa Ndaki, ndiye anayemuuguza, na ndiye aliyegundua kwamba kwenye kioo cha ndani mimi na mama tungeonana. Akavua kitenge chake cha juu akakifunga kama pazia nyuma ya mgongo wangu. Akaingia akakaa na mgonjwa, nami nikabaki mbele peke yangu, natumia vioo vya pembeni.

Watu wa Kasansa walikuwa wamejaa uani. Mama na Helena walipoketi, Pijo likashuka mpaka bomba la moshi likagusa vumbi. Ndaki akainama kuchungulia, akasema kwa sauti, "Shemeji, mbona gari lako linaumwa kuliko mgonjwa?"

Wakacheka wote, mpaka wazee. Nami nikacheka. Masikio yalikuwa yanawaka.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri. Pijo hata likichoka linapita kwenye mashimo kama limebembelezwa. Hospitali wakampiga picha: pingili moja ya mgongo ina ufa. Haijakatika. Daktari kamfunga mkanda mpana, kasema mfupa utaunga wenyewe akitulia, asibebe kitu, na aonekane kliniki kila baada ya wiki mbili au tatu, siku ya Alhamisi. Nyanzala akamsihi mama yake akae kwetu mpaka apone. Mama akakataa katakata. Alale kwa mkwe, Wasukuma watasemaje? Nimemrudisha Kasansa usiku huu huu. Kwa hiyo kila kliniki ni safari ya kwenda na kurudi, na dereva ni mimi.

Jumatano, 15 Mei

Sofa moja, viti viwili. Bodaboda wamenipigia honi: "Fisi huyoo!"

Jumapili, 19 Mei

Baada ya misa Melkiadi alinisubiri getini. Huyu ni Mnyamwezi, anadai ni mtani wangu na kwa hiyo ana ruhusa ya kunivua nguo hadharani. Mbele ya kwaya nzima akalizunguka Pijo, akavua kofia, akasema, "Poleni wafiwa. Marehemu atazikwa saa ngapi?" Mwalimu wa kwaya alicheka mpaka akashika ukuta.

Utani haujibiwi kwa hasira, najua. Lakini mimi ni fundi wa samani. Watu wananiletea sofa zilizobonyea niziinue. Kisha wananiona napita na kitu kilichobonyea kuliko zote.

Alhamisi, 30 Mei

Kliniki. Daktari kafurahi, mfupa umeanza kuunga. Mama kasimama mwenyewe akishikilia kitanda, Nyanzala kaniambia huku anafuta machozi.

Mimi nilibaki nje nafuta vumbi. Pale Kibaoni bomba lilikuwa limesugua tuta hadi cheche zikaruka, na mama ntilie mmoja akapiga kelele, "Baba, unakokota nini?" Hiyo ndiyo iliyonikaa kichwani siku nzima, badala ya habari ya mfupa.

Jumamosi, 1 Juni

Nimempelekea gari fundi magari Josephat, gereji kwake. Springi mpya za Pijo hakuna Mpanda, hakuna Sumbawanga, labda Dar, na hiyo labda yenyewe ni ya mwezi wa tisa. Ziko nne nyuma, mbili kila upande, na zote zimelala. Nilichuchumaa nikazitazama muda mrefu. Springi ni chuma kilichojizungusha, katikati kina uwazi. Nikajiuliza, kama fundi mbao, uwazi si unajazwa?

Nikamwambia Josephat: nichonge magogo madogo ya mninga, mviringo, yaingie ndani ya springi kama mchi kwenye kinu. Gari litakalia mninga. Mninga haubonyei.

Josephat akapiga kofi pajani. "Aisee, fundi! Hii hata wazungu hawajafikiria!"

Tulicheka kama tumevumbua umeme.

Jumanne, 4 Juni

Limeinuka! Magogo manne, nimeyapiga msasa na kuyapaka vanishi kana kwamba yanakwenda sebuleni kwa mtu, Josephat akayafunga kwa waya. Alipoliteremsha kwenye jeki, Pijo likasimama mgongo sawa, tena nyuma juu kidogo kuliko mbele. Josephat akapanda bampa la nyuma akarukaruka. Halikushuka hata kidole. Tulidhani hiyo ndiyo sifa yake.

Nyanzala akauliza, "Baba Aneth, halitarusha?" Nikamjibu nimefanya kwa ajili ya mama yake, asiende anakokotwa kama kuni. Nilijua nasema uongo wakati mdomo bado uko wazi.

Jumapili, 9 Juni

Nimepita mbele ya kanisa polepole, halafu nikageuza nikapita tena. Melkiadi alilisindikiza kwa macho mara zote mbili. Mwisho akasema, "Marehemu amefufuka." Nimekula wali wa leo kwa raha ambayo sijaipata tangu Krismasi.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki ya kwanza na gari lililoinuka. Asubuhi baridi, vidole vinaganda kwenye usukani. Kasansa walitoka kuliona. Ndaki akaniambia, "Sasa umekuja kama mkwe." Nilivimba.

Barabara imeanza kukauka na kufanya mawimbi. Ndani ya hifadhi ya wanyama mbung'o walikuwa wengi nikakanyaga mafuta ili tusiliwe. Helena alisema kitu nyuma ya pazia, nikauliza nini, akajibu, "Hakuna, shemeji." Mama hakutoa sauti njia nzima. Ndivyo mama mkwe mwenye heshima anavyosafiri, nilijiambia, na nikawaza jinsi nitakavyomsimulia Melkiadi.

Ijumaa, 14 Juni

Kiuno kinaniuma kidogo. Baridi.

Alhamisi, 27 Juni

Nimekasirika. Mama amerudi nyuma. Wiki zile alikuwa anasimama, leo ameshuka garini kwa kubebwa. Daktari akauliza amebeba nini. Mama akajibu kwamba alinyanyua ndoo ya maji.

Ndoo ya maji! Mimi naacha kazi, nachoma mafuta kutoka Mpanda hadi Kasansa, yeye anabeba ndoo. Nilimwambia Nyanzala amwambie mama yake kwamba ukaidi hauungi mfupa. Nyanzala akaenda akasema vile vile nilivyosema. Mama akaitikia, "Mwambie mkwe nimesikia." Helena alikuwa anatazama sakafu. Nikadhani anaona aibu kwa kutomchunga mgonjwa, na nikaona inamstahili.

Jumapili, 30 Juni

Ndaki kapiga simu. Amegombana na mkewe juu ya ile ndoo. "Nimemwachia kazi moja tu, kumtazama mama, na hiyo imemshinda." Nikamwambia, "Kweli kabisa, shemeji, kuwa mkali."

Jumatatu, 8 Julai

Vumbi limeingia hadi kwenye sponji dukani. Nyuma ya Pijo kuna kitu kinagonga. Nitampelekea Josephat baada ya kliniki.

Alhamisi, 11 Julai

Mama amelazwa. Ule ufa uliokuwa umeanza kuunga umeachia, tena umeongezeka. Daktari alituita mimi na Nyanzala pembeni, akasema kwa upole lakini bila kuzunguka: mama huyu akitikiswa tena hivi, huenda asisimame tena. Tukaulizwa tena amefanya nini. Mama akasema kutoka kitandani, uso ukutani, "Ndoo."

"Tena?" daktari akauliza.

"Tena."

Ndaki alikuja jioni na bodaboda, mwekundu kwa vumbi. Amesema mama akitoka hospitali, Helena anakwenda kwao Namanyere, akakae mpaka ajifunze kutunza mtu. Helena alikuwa anakunja kanga ya mama, anaikunjua, anaikunja tena.

Jumamosi, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilimpelekea Josephat gari kwa ajili ya ile kelele ya kugonga. Akasema, "Wewe kaa nyuma usikilize, mimi niendeshe." Nikaingia nikakaa kiti cha mwisho, kwenye mto wangu mwenyewe wenye uzi wa dhahabu. Tangu ninunue gari hili nilikuwa sijakalia pale. Mimi ambaye sofa haitoki dukani bila kuikalia, nijiinue, nijiachie, nisikilize inavyopokea mtu.

Tukatoka Nsemulwa tukashika barabara ya vumbi. Shimo la kwanza halikuwa hata shimo, ni kijibonde cha mkokoteni. Nilipigwa kutoka chini hadi kwenye meno. Hakuna kilichobonyea. Gogo la mninga lilichukua lile pigo lote likalileta kiunoni kwangu bila kupunguza hata kidogo. La pili likanirusha kichwa kikagonga bati. Halafu yakaja mawimbi, yale madogo madogo mfululizo, na hayo ndiyo mabaya kuliko mashimo, kwa sababu hayakupi nafasi ya kuvuta pumzi. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini, mgongo mzima, na baada ya mwendo wa kufika kisimani tu nilikuwa nimeshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Nikapiga kelele, "Simama!"

Josephat akasimama, akageuka anacheka. "Umesikia inagonga wapi?"

Nilikuwa natazama mikono yangu ilipokuwa imeshika. Pale pembeni mwa mto, upande wa kulia, ule uzi wangu wa dhahabu ulikuwa umefumuka. Mshono wangu naujua, haufumuki kwa kukaliwa. Umefumuka kwa vidole. Mtu ameukamata, ameuvuta, ameukamata tena, kutoka Kasansa hadi Mpanda, na kutoka Mpanda hadi Kasansa, safari kwa safari, na hakutoa sauti. Kwa sababu nyuma ya pazia alikuwa mkwe wake, na mama hamlalamikii mkwe.

Nilishuka nikakaa kwenye majani pembeni ya barabara. Josephat akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Kumbe hakukuwa na ndoo, na hakukuwahi kuwa na ndoo.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Nimelala chini ya Pijo tangu asubuhi nakata waya, natoa magogo. Yana vanishi bado, yamechubuka kidogo tu. Gari limekaa kitako kama zamani. Nyanzala kauliza kwa nini nimelishusha, nikasema Josephat kashauri. Nimemsingizia Josephat.

Jumatatu, 15 Julai

Sijasema.

Jumanne, 16 Julai

Nilikuwa nimwambie Nyanzala wakati wa chakula. Akaanza yeye: "Huyu Helena angemzuia mama mapema, tusingefika hapa." Nikaomba niongezewe mchuzi. Sijasema.

Jumatano, 17 Julai

Sijasema. Mimi ni mwoga, na leo hata kulijua hilo hakujanisaidia.

Alhamisi, 18 Julai

Nilimkuta Helena nje ya wodi anaanika nguo za mama kwenye majani. Nikachuchumaa mbali kidogo, nikasema, "Shemeji, ilikuwa gari."

Aliendelea kutandaza kanga. Baadaye akasema, "Uliponiuliza siku ile nyuma ya pazia, mama alinishika mdomo, akaniachia niseme hakuna."

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Aliniapisha. Alisema, mkwe wangu amehangaika kulitengeneza gari kwa ajili yangu, leo nimwambie linaniumiza? Ataona aibu. Alisema bora aumie yeye."

"Na wewe unarudishwa kwenu."

"Mama amesema atasema na Ndaki. Hajasema." Akainua beseni. "Usije ukamwambia mama kwamba nimekwambia. Nimeapa."

Hawa wanawake wawili walikuwa wamekaa kule nyuma wakiilinda heshima yangu, mmoja kwa mgongo wake na mwingine kwa ndoa yake. Na mimi mbele nilikuwa napiga mluzi. Nakumbuka kabisa, nilikuwa napiga mluzi.

Jumapili, 21 Julai

Nimemwambia Nyanzala. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. Aliuliza jambo moja: "Nilikuuliza litarusha, ulinijibu nini?" Nikarudia jibu langu neno kwa neno. Akachukua shuka akaenda kulala na Aneth.

Alhamisi, 25 Julai

Mama ameruhusiwa. Yuko bora, wamesema atembee kidogo kidogo. Ndaki alinipigia niwapeleke. Nikasema gari bovu. Amekodi Noah. Pijo lilikuwa uani, linawaka mara moja ukigeuza ufunguo, nami nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika simu.

Nyanzala alisikia. Akasema, "Baba Aneth, Jumapili utakwenda Kasansa. Au nitakwenda mimi niwaambie."

Jumapili, 28 Julai

Nimekwenda.

Nilichukua mbuzi dume, mkubwa, niliyemnunua jana mnadani, kwa sababu kosa la ukweni haliendi mikono mitupu. Nikamfunga ndani ya gari, kule nyuma. Majani yameanza kuchomwa, moshi umetanda njia nzima, jua jekundu kama jicho la mgonjwa. Nilifanya mazoezi ya maneno hadi Kibaoni, nikayasahau yote Kibaoni.

Walikaa wachache: Ndaki, na baba yao mkubwa Mzee Methusela, na majirani wawili. Helena alileta viti akasimama mlangoni. Mama alikuwa ndani, mlango umeegeshwa, anasikia kila kitu. Nilisimama. Sikukaa, ili nisije nikashindwa kusimama tena.

Nikawaambia. Nikasema magogo ni wazo langu, Josephat alifunga waya tu. Nikasema sikuyaweka kwa ajili ya mama. Niliyaweka kwa sababu mlinicheka hapa uani, na watu wa kanisani walinicheka, na nikaona bora gari lisimame kuliko kuuliza mgonjwa anakaaje. Nikasema hakuna ndoo. Helena hana kosa hata kidogo, kosa lote ni langu, na nimekuja na mbuzi, na kama mbuzi hatoshi waseme kinachotosha.

Ndaki alikuwa ananitazama mdomo wazi. Mzee Methusela alikuwa anachora chini kwa fimbo. Kuku mmoja alipita katikati yetu bila haraka.

Kisha sauti ya mama ikatoka ndani, taratibu, lakini ilifika kwa kila mtu. "Ndoo ilikuwepo."

Ndaki akageuka. "Mama?"

"Niliinyanyua mwenyewe, mara mbili. Helena alikuwa amekwenda mashineni kukoboa mpunga, hakuniona. Nilificha nisigombezwe. Mwambieni mkwe gari lake halina kosa."

Nikasema, "Mama si kweli," na hapo hapo nikajua nimefanya jambo lisilofanywa: nimemjibu mama mkwe moja kwa moja, tena nimemwita mwongo mbele ya wazee. Jirani mmoja akakohoa.

Mzee Methusela akainua fimbo yake. "Mgonjwa amesema," akasema. "Mwenye mgongo ndiye anayejua kilichouumiza. Hapa hakuna kesi. Helena, wape watu maji."

Basi. Kila mtu pale alijua mama anadanganya, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumbishia. Helena amebaki kwake, hilo nashukuru. Ndaki alimwambia mkewe palepale, bila kumtazama, "Mama Kija, nilisema vibaya." Lakini mimi sikutozwa, sikutukanwa, sikusamehewa. Utasamehewaje kosa ambalo mwenye kuumia anasema hakulipata? Hata mbuzi walimkataa. "Wa nini? Harusi?" Mzee Methusela aliuliza.

Ndaki alinisindikiza hadi kwenye gari. Akaweka kiganja juu ya bampa la nyuma akalibonyeza, likashuka, likapanda, likashuka. Alifanya hivyo mara kadhaa. "Afadhali hivi, shemeji," akasema, akaondoka.

Nimerudi Mpanda na mbuzi wangu. Alilia njia nzima, na pale Sitalike watu walikuwa wanatoka madukani kutazama nani analia.

Jumatatu, 29 Julai

Nyanzala amerudi chumbani. Hatujaongea. Mbuzi yuko uani anakula majani aliyoyapanda Aneth.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana Nane Nane, kliniki hakuna. Imesogezwa hadi wiki ijayo. Ndaki kauliza kama nitakuja au akodi gari. Nikasema mama aulizwe anataka nini. Baada ya muda akapiga tena: "Mama anasema mkwe yupo, kwa nini tukodi?"

Sikulala vizuri.

Alhamisi, 15 Agosti

Nilirudisha kiti cha kati nikahamishia mto wangu hapo, kwa sababu katikati ya gari ndipo panapotulia. Nikamwambia Helena amuulize mama kama atakubali kukaa pale, ingawa ni karibu na dereva. Helena akaingia ndani, akakaa huko, akatoka. "Mama anasema atakaa kati. Pazia lifungwe."

Akatoka kwa miguu yake. Mimi nilikuwa nimegeukia ukuta kama inavyotakiwa, nikasikia tu nyayo zake zinavyosaga changarawe, hatua, kupumzika, hatua. Pijo likashuka alipoketi. Watu wa Kasansa walikuwepo na kama walicheka sikusikia.

Niliendesha kama nimebeba mayai. Bodaboda zilitupita, baiskeli mbili zikatupita, ng'ombe wangeweza kutupita. Nyuma kimya. Kila shimo nililifahamu kabla ya kulifikia, na kila nikilipita nilisikiliza, nikasikia ukimya ule ule wa siku zile. Huenda anaumia tena, nikawaza. Huenda ameshika tena kitambaa, na mimi sitajua, kwa sababu ameamua nisijue mpaka afe. Nilitaka kuuliza. Ningeuliza kupitia Helena, angejibu kupitia Helena kwamba hajambo. Nilikuwa nimemfundisha kwamba aibu yangu ni nzito kuliko mgongo wake, na sikuwa na njia ya kumfundisha vingine.

Tulipokaribia daraja la Sitalike moshi wa majani ulivuka barabara. Sikuuona mfereji. Gurudumu la mbele likapita, la nyuma likatumbukia, puu.

"Mayo we!" Pazia likatikisika. "Gervas! Polepole! Unataka kunimaliza?"

Nilikanyaga breki gari likazima. Helena alivuta pumzi kwa nguvu, maana alikuwa amesikia alichosikia. Ameniita jina, jina langu la ubatizo, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mtoto aliyemwaga maziwa. Miaka yote hii sikujua kama analijua.

Uso wote ulikuwa moto, nikashukuru pazia. Mwisho nikasema, "Samahani, mama," bila kumpitisha Helena.

"Samahani itaniunga mgongo? Tazama barabara. Mtu unaendesha, macho yako yako wapi?"

"Ndiyo, mama."

"Na dirisha lako funga, moshi wote unakuja huku."

Nikafunga dirisha. Nikawasha gari. Hatukuwa tumefika kona ya pili akasema sasa naendesha polepole mno, kliniki itafungwa, halafu akasema ule mto ni mgumu, nani aliushona, nikasema ni mimi mama, akasema haya sasa. Helena alikuwa anacheka kimya kimya, nilisikia kiti kinavyotikisika. Mama alinisema hadi Mpanda mjini, alinisema mpaka getini pa hospitali mbele ya mlinzi, na mimi niliitikia kila neno, machozi yakinitoka, nikiomba asinyamaze.